Matembezi ya Vuli Huko Miritini

Wahenga walisema kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi; tena wao hao wakasema kwamba mtembezi hula miguu yake. Mtu asikiapo methali hizi mbili pamoja huenda akadhani kwamba zagombana, kumbe sivyo. Ya kwanza humsifu atembeaye na macho yake. Ya pili humkanya yule atembeaye na miguu peke yake, akarudi nyumbani amechoka wala hana alilolipata. Basi mtembezi hupimwa kwa alichokitazama na kwa alichouliza, wala hapimwi kwa urefu wa njia. Kwa sababu hiyo ukurasa wa juma hili wawaalika makarani na wakulima kutembea mahali ambapo wengi wao wamepapita mara mia bila kupaona, yaani Miritini, katika bara ya Mombasa, na tena katika majira ya vuli.

Miritini ni mlango wa Mombasa. Mtu atokaye kisiwani kwenda bara huvuka Makupa, akapita Changamwe, kisha Jomvu na Miritini, ndipo apande kuelekea Mazeras. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipita njia hii. Ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, ambako siku zile kuliitwa Port Florence. Barabara kuu ya Nairobi nayo yapita huku huku. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya kisasa ilifunguliwa, na steshini yake kubwa ya upande wa pwani ikasimama hapa hapa Miritini. Walakini steshini hiyo huitwa kwa jina la Mombasa. Abiria hushuka Miritini, akaingia garini mbio kwenda kisiwani, akawapigia jamaa zake simu kwamba amefika Mombasa. Asema kweli, maana Miritini ni Mombasa. Lakini mahali alipokanyaga kwanza hakupatazama. Mgeni husamehewa jambo hilo. Mwenyeji je, ambaye naye hupajua kwao kwa dirisha la matatu tu? Hapo ndipo penye hasara, nayo yafaa kuelezwa.

Kwanza yapasa kusema habari za majira. Karani asomaye vitabu vya Kiingereza hukutana mara kwa mara na majira ambayo miti hugeuka rangi ya dhahabu, majani yakapukutika, na watu wakatoka kutembea katika baridi ndogo. Kamusi nyingine huyaita majira hayo demani, na waalimu wengine huyaita vuli. Majina yote mawili ni mazuri, illa kila moja lina kazi yake hapa pwani tangu zamani, wala halikuzaliwa kwa ajili ya majani ya Ulaya. Demani ni mwisho wa pepo za kusi, baada ya baridi ya kipupwe, wakati upepo ulegeapo na bahari ikatulia, yapata Septemba na Oktoba. Vuli ni mvua ndogo zinyeshazo aghalabu kutoka Oktoba hata Desemba, kabla kaskazi haijashika nguvu. Mvua kubwa za Aprili na Mei, ambazo watu wa Unguja huziita masika, Mombasa huitwa mwaka. Na mvua nyepesi zijazo baada yake wazee huziita mchoo. Kipindi ambacho pepo zinabadilika, hii ikiaga na ile ikibisha hodi, huitwa malelezi.

Zaidi ya majina hayo, wazee wa pwani walikuwa na hesabu. Walianza na Siku ya Mwaka, ambayo pia huitwa Nairuzi, wakahesabu siku kumi kumi, kila kumi ikiwa mwongo mmoja, hata zikatimia siku 365. Hesabu hii iliwafaa mabaharia na wakulima, kwa sababu miezi ya mwandamo huzunguka majira yote, wala haiwezi peke yake kumwambia mtu lini apande kunde au lini ashushe chombo. Leo neno mwongo lasomwa katika vitabu na magazeti kwa maana ya miaka kumi. Neno limebaki, bali wengi walitamkao hawana habari ya zile siku kumi za wakulima. Huu ni mfano mmoja wa hasara iliyotajwa: kitu kikiacha kutazamwa, jina lake huondoka, ama hubaki kama ganda lisilo na kokwa.

Sasa msomaji na aanze safari. Vuli ya Miritini haina theluji wala majani ya dhahabu, lakini ina dalili zake, na mwenye macho huzisoma kama barua. Uko mti uitwao mkungu, na hapa hauzungumzwi mkungu wa ndizi, bali ule mti wa kivuli wenye matawi yaliyotandazwa kama dari juu ya dari. Majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Mtu akitaka kujua miti ya Ulaya hufanyaje, na asimame chini ya mkungu siku hizo. Mbuyu ambao ulikaa uchi wakati wa ukame huanza kuvaa majani, na maua yake meupe makubwa hufunguka usiku, popo wakayazuru. Mikrismasi huanza kuwaka maua mekundu kabla sikukuu yenyewe haijafika. Mvua ya kwanza ikishuka, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu wakati wa jioni na kuzizingira taa, na asubuhi mbawa zao hukutwa zimetapakaa barazani. Nayo miembe huanza kuelemewa. Boribo, ngowe na dodo zikaingia sokoni moja baada ya moja.

Dalili moja ni ya ajabu kuliko zote. Katika miezi ya Septemba na Oktoba mbayuwayu huanza kuonekana juu ya nyaya za simu na juu ya nyasi. Wengi wao wametoka Ulaya na Asia, wakiikimbia baridi, na watakaa huku hata Machi au Aprili ndipo warudi kwao kutaga. Ndege wadogo wa pwani wenye miguu mirefu, ambao watu huwaita vitwitwi, nao huja kutoka mbali namna hiyo hiyo na kutua katika tope la hori. Basi asemaye kwamba majira yale ya vitabuni hayafiki Miritini hakutazama juu. Huja kila mwaka, yakiwa juu ya mbawa za ndege.

Matembezi ya kwanza yafaa kuelekea majini. Bara hii ya Changamwe na Miritini imekaa baina ya mikono miwili ya bahari: kaskazini ni hori ya Tudor, na kusini ni hori ya Port Reitz pamoja na tawi lake la Mwache. Upande wa hori ya Tudor uko Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu, ambao ni mmoja katika taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, yaani Thenashara Taifa. Mtu na aende wakati maji yametoka, hasa siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kutoka sana. Siku za maji mafu hatapata kuona mengi.

Hapo ataona mikoko. Aghalabu mpita njia husema “mikoko” kwa kila mti uliosimama katika tope, kama kwamba yote ni ndugu wa tumbo moja. Wavuvi na wakata boriti hawasemi hivyo. Wao wana mkoko, na mchu, na muia, na mlilana, na mkandaa, na mkomafi, na kila mmoja una kazi. Boriti zilizobeba dari za nyumba za Mji wa Kale zilitoka katika miti hii, na majahazi yalizichukua hata Uarabuni. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Gamba la mkandaa hutumika kutia ngozi rangi. Tena samaki wachanga na kamba hukulia katika mizizi yao, na mizizi hiyo hiyo huzuia ufuko usiliwe na maji.

Mvua kubwa za El Nino za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka mashamba ya bara mpaka hori ya Mwache, na udongo huo ukafunika mizizi ya mikoko, mingi ikafa. Mkulima na alitafakari jambo hili. Mizizi ile hupumua, na ikizikwa hufa. Shamba lisilo na makinga maji huko juu huua samaki huku chini, ijapokuwa mwenye shamba na mvuvi hawajapata kuonana hata siku moja. Mtu hawezi kuona ufungamano huo akiwa amekaa nyumbani. Huuona akifuata kijito kwa miguu mpaka mwisho wake.

Matembezi ya pili ni mafupi, na yafaa baada ya mvua, mahali ambapo ardhi imekatwa au maji yamechimba korongo. Hapo huonekana mawe laini ya udongo, yapasukayo kwa tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mawe hayo yalikuwa tope la bahari zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, na katika miamba ya namna hii kandokando ya Mombasa wataalamu wameokota makombe yaliyogeuka mawe, yaliyojiviringa kama pembe za kondoo dume, ya wanyama ambao hawako tena duniani. Sasa hapa pana jambo la kuwafurahisha wenyeji. Wataalamu wa miamba walipoyapa tabaka haya majina, waliyaita mengine kwa jina la Changamwe, mengine kwa jina la Rabai, na mengine kwa jina la Miritini. Steshini ilichukua jina la jirani mkubwa, lakini mawe yamelishika jina la Miritini, nalo limo katika vitabu vya elimu hiyo. Watoto wangapi wa shule hapo hapo wameambiwa hivyo?

Matembezi ya tatu ni ya mashambani, na hayo hayafai kufanywa bila kuuliza. Tuseme kijana karani amepumzika Jumamosi, akapita penye minazi, akamkuta mzee ameketi kivulini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wendapi na jua lote hili?”

“Natembea tu, mzee.”

“Mtu hatembei tu. Ama yuatafuta kitu, ama yuakimbia kitu.”

“Basi natafuta. Lile lililoanguka pale ni dafu?”

“La, mwanangu. Hilo ni koroma. Limepita udafu, na halijawa nazi. Ukilitaka kwa kunywa umechelewa, na ukilitaka kwa kukuna umefanya haraka.”

Hapo kijana amepata somo ambalo halikumgharimu hata senti. Akiendelea kuuliza ataambiwa kwamba tunda la mnazi huanza kuwa kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo liwe nazi. Ataambiwa habari ya karara na upunga, ya makumbi na kifuu, ya makuti na tui na chicha. Mtu ambaye majina yote haya kwake ni “nazi” peke yake ni kama karani ambaye kila barua aiita “karatasi”. Kazi yaweza kwenda, lakini haitakwenda vema, wala hataweza kumweleza mwenziwe jambo lililo nyeti.

Mwenye siku nzima na aendelee mpaka Rabai, juu ya vilima. Huko alikaa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenziwe Johannes Rebmann, ambaye aliungana naye mwaka 1846. Na ni Rebmann aliyeuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na kuandika habari za theluji yake, wataalamu wa Ulaya wasimsadiki. Krapf aliyaandika maneno ya Kiswahili cha Mombasa kadiri alivyoyasikia kwa watu, na kamusi yake kubwa ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Maneno ambayo vijana wa leo hawayajui bado yamo humo, kwa kuwa mgeni mmoja aliuliza na wenyeji wakajibu. Rabai pana makumbusho ya habari hizo. Tena huko ziko kaya za Warabai, misitu mitakatifu ya Mijikenda, ambayo pamoja na kaya nyingine iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Kaya si bustani ya matembezi. Asiye na idhini ya wazee asiingie, na mwenye idhini afuate anayoambiwa.

Jioni za vuli mvua humzuia mtu ndani, na hizo ndizo saa za kusoma. Viko vitabu vinavyokwenda sawa na matembezi haya. Cha kwanza ni Umbuji wa Mnazi wa Ahmad Sheikh Nabhany, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1985. Ni utenzi juu ya mnazi na manufaa yake, na msomaji aliyekwisha zungumza na mzee wa minazini atausoma kwa ladha mara mbili. Nabhany alizaliwa Lamu, akakaa Mombasa, akafariki mwaka 2017. Naye ndiye anayesifiwa kwa kulitoa neno runinga. Aliyejua maneno ya zamani ndiye aliyeweza kuunda mapya yasiyochusha.

Cha pili ni Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, cha mwaka 1954. Makarani hasa na wakisome, kwa maana mwandishi mwenyewe alikuwa karani. Alianza katika idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akafanya kazi za ofisini miaka mingi, na ofisi haikumzuia kuwa bingwa wa lugha. Mtu asemaye kwamba kazi ya mezani imemnyima nafasi ya kuandika na amwangalie huyo.

Cha tatu ni mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840. Ama kwa Muyaka, habari ya kitabu ni somo sawa na mashairi yenyewe. Alipokufa, mengi katika maneno yake yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, aliyatafuta na kuyaandika, akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya. William Hichens akayachapa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu kingine juu ya Muyaka huko Nairobi. Karne nzima ilipita baina ya kifo cha mshairi na kitabu chake. Lau Mwalimu Sikujua angalisema kwamba mambo haya yajulikana na kila mtu, hapana haja ya kuyaandika, leo mashairi mengi ya Muyaka yasingejulikana na mtu yeyote.

Kwa hiyo mtembezi wa Miritini na achukue daftari. Daftari la shule la bei ndogo latosha. Upande mmoja aandike siku: mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha lini, kumbikumbi walitoka lini, mbayuwayu wa kwanza alionekana lini, mkungu ulipukutika lini. Upande wa pili aandike maneno: jina alilopewa la mti, la upepo, la samaki au la sehemu ya mnazi, pamoja na kijiji alikolisikia. Mwaka wa kwanza daftari hilo litaonekana ni mchezo wa watoto. Mwaka wa kumi litakuwa na thamani kwa mkulima, kwa sababu vuli imekuwa na tabia ya kigeugeu; mwaka huu hukawia, mwaka ule hukatika mapema, na mwaka mwingine hushuka kwa ghadhabu, kama ilivyokuwa mwisho wa 1997 na tena mwisho wa 2023. Akumbukaye kwa kichwa husema “zamani mvua zilikuwa nzuri”. Aliyeandika aweza kusema siku yenyewe.

Yako mashauri machache ya kuhitimisha. Mtu na atoke asubuhi mapema au baada ya alasiri, wala asishike ukingo wa barabara kuu, kwa sababu malori ya bandarini ni mengi na njia za ndani zina usalama zaidi. Asiingie tope la hori bila mwenyeji. Asikate tawi la mkoko kwa kujifurahisha. Ukataji bila ruhusa ni kosa kwa sheria. Apitapo shambani mwa mtu apige hodi. Na afuatane na mtoto kila awezapo, amwambie majina aliyoyapata, maana jina lililoandikwa lasubiri msomaji, bali lililofundishwa hutembea lenyewe.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Treni zitazidi kupita, na magari yatazidi kupita, nayo ni heri kwa biashara. Hata hivyo mwenyeji ana mbacha wake, nao umetandikwa hapo hapo mlangoni: hori mbili, mawe yenye jina la kwao, mnazi wenye majina matano ya tunda moja, na wazee ambao bado wako, na ambao mpaka sasa wajibu wakiulizwa. Vuli ya mwaka huu ni wakati mwema wa kwenda kuwauliza.